Mahindi kila upande, sembe hakuna: Raha ndogo za nyumbani zinavyowasumbua walio ughaibuni

Na Mwandishi Wetu

KATIKA jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mtu anaweza kuendesha gari kwa saa tatu mfululizo, kulia mahindi, kushoto mahindi. Jimbo hilo hulima zao hilo katika zaidi ya hekta milioni tatu kila mwaka, na ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza nchini humo kwa mavuno.

Hata hivyo, dada wa mwandishi wa makala haya, aliyehamia huko na mumewe mwaka 2009 akitokea Morogoro, alikaa miezi minne ya kwanza bila kula ugali hata siku moja. Si kwamba alikuwa amesahau kuusonga. Alikosa unga.

Alipopiga simu nyumbani kwa mara ya kwanza tulidhani angelalamikia baridi, maana majira ya Januari huko hushuka hadi nyuzijoto 20 chini ya sifuri na kupita hapo. Baridi hakuitaja. Mama alipomuuliza anakosa nini, alijibu neno moja tu: sembe. Kisha akanyamaza, mama naye akanyamaza, na kadi ya simu ikaendelea kuliwa bure.

Wengi tulioko nyumbani hudhani kwamba aliye mbali hukumbuka mambo makubwa: harusi, Idi, Krismasi, pilau la sherehe. Ukweli ni kwamba vyakula vya sherehe ndivyo vinavyosafiri kwa urahisi. Mchele upo duniani kote, nyama ipo, na bizari, iliki na mdalasini hupatikana katika mji wowote mkubwa wenye duka la Wahindi. Kinachogoma kusafiri ni kile ambacho mtu hakuwahi kukifikiria alipokuwa nacho, yaani kile cha kila siku.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni huo wa unga, nao una maelezo yake.

Karibu mahindi yote yanayoonekana katika mashamba ya Minnesota ni ya njano, na hayakulimwa yaliwe na binadamu moja kwa moja. Zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani hugeuzwa ethanoli ya kuchanganywa na petroli, na sehemu kubwa ya yanayobaki hulishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Mahindi meupe hulimwa pia, lakini kwa kiasi kidogo mno, na mengi huishia katika viwanda vya chapati za Kimeksiko.

Rangi ya njano hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa maana hiyo, kwa upande wa lishe, ugali wa njano unaushinda ule mweupe, na hili wataalamu wa kilimo wamelisema kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Lakini karotini hiyo hiyo huubadilisha ugali harufu na ladha, na mlaji aliyelelewa kwa sembe huigundua tofauti hiyo kabla hata tonge halijafika mdomoni.

Upendeleo wetu kwa mahindi meupe si wa kale kama tunavyodhani. Mahindi yaliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16, na kwa muda mrefu yalilimwa ya rangi zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo walowezi wa kusini mwa Afrika na wa Kenya walipoeneza mbegu nyeupe kutoka Marekani, kwa kuwa viwanda vya wanga vya Uingereza vilitaka mahindi meupe. Mwaka 1964 kituo cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya kwanza ya Kenya, nayo ikawa nyeupe. Hivyo, kile ambacho dada alikililia kule Marekani, asili yake ilikuwa hukohuko Marekani.

Wasomaji wenye umri wa kutosha hapa Tanzania wana sababu nyingine ya kuyakwepa mahindi ya njano. Katika miaka ya njaa na uhaba, nchi ilipopokea mahindi ya msaada kutoka ng'ambo, unga wake wa manjano ulibatizwa jina la unga wa Yanga kwa kufananishwa na jezi za klabu hiyo ya Jangwani. Kwa wengi wa umri wa mama yetu, rangi hiyo sahanini ina maana ya foleni na kadi ya duka la kaya. Mtu hawezi kulishwa fedheha yake akaiita kitoweo.

Dada alijaribu kila njia. Katika duka kubwa alipata mfuko ulioandikwa kuwa ni unga mweupe wa mahindi, akarudi nyumbani akiimba. Maji yalipochemka akamimina, akaanza kusonga, na sufuria ikajaa mapovu. Hakuwa amesoma maandishi madogo: ule ulikuwa unga uliokwisha kuchanganywa na ngano, chumvi na hamira ya unga, kwa ajili ya mikate ya kuoka ya Wamarekani wa kusini. Ugali uliumuka. Shemeji alikula kimya kimya, kisha akauliza kwa upole kama siku hizi ugali hutiwa magadi.

Mara ya pili alinunua unga wa Kimeksiko. Huu ni mweupe kweli na laini, lakini mahindi yake huchemshwa kwanza na chokaa, ndipo yakasagwa. Wazee wa Meksiko waligundua utaratibu huo maelfu ya miaka iliyopita, nao una hekima kubwa, kwani chokaa huifungua niasini iliyomo ndani ya mahindi na kumkinga mlaji na ugonjwa wa pelagra. Tena huufanya unga ushikane vizuri kwa chapati. Kwa ugali, matokeo yake ni donge linalonata kama gundi, lenye harufu ya ukuta uliopakwa chokaa jana.

Hapo msomaji anaweza kuuliza: mtu mzima, mwenye kazi na nyumba, anahangaika hivi kwa sababu ya unga? Kwani viazi havishibishi?

Jibu la swali hilo lilianza kutafutwa zamani. Mwaka 1688, daktari kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu mjini Basel kuhusu ugonjwa alioupa jina la nostalgia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza ni mwanafunzi kutoka Bern aliyekuwa akisoma Basel, mwendo wa siku chache tu kutoka kwao. Alidhoofika hadi watu wakamkatia tamaa. Alipowekwa njiani kurudishwa kwao alianza kupata nafuu kabla hata ya kufika.

Madaktari wa leo hawauiti tena ugonjwa, bali wanaelewa vizuri zaidi njia zake. Habari za macho, masikio na ngozi hupita kwanza katika kituo kimoja cha kati cha ubongo kabla ya kugawanywa. Habari za pua hazizunguki hivyo. Hupita moja kwa moja hadi sehemu za ubongo zilizo jirani na zile zinazohifadhi kumbukumbu na kuamsha hisia. Ndiyo maana picha ya nyumbani humfanya mtu atabasamu, lakini harufu ya dagaa wanaokaangwa humfanya akae chini.

Na Kiswahili, kwa utajiri wake wote, hakina neno moja linalobeba jambo hili lote. Tunasema hamu, tunasema ukiwa, tunasema "nimepakumbuka nyumbani". Labda ni kwa sababu kwa muda mrefu waliosafiri walikuwa wachache.

Unga hatimaye ulipatikana, na namna ulivyopatikana inastahili kuelezwa. Jirani mmoja kazini, mwanamke wa Kisomali, alimpeleka dada kwenye maduka ya Wasomali mjini Minneapolis. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, maelfu ya Wasomali walipitia Kenya, katika kambi za Dadaab na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, kabla ya kupelekwa Marekani, na Minnesota ndiyo yenye jamii yao kubwa kuliko majimbo yote. Wengi walitoka Kenya na Kiswahili mdomoni. Ugali wenyewe wanao tangu kwao, na huuita soor.

Dada anasema aliingia dukani akaanza kujieleza kwa Kiingereza chake cha shida, na mama aliyekuwa nyuma ya meza akamkatiza: "Dada, sema tu unataka unga gani, wa ugali au wa chapati?" Alilia pale pale, mbele ya magunia.

Katika kitongoji cha Brooklyn Park, wanakoishi Waliberia wengi, alikuta kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa, maana Waliberia nao hupika majani ya muhogo. Hivyo ndivyo ilivyo: aliyehama hupata cha kwao kwa mlango wa mwingine aliyehama.

Uingereza ilitangulia katika jambo hili. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya watu 27,000 kati yao wakapokewa Uingereza. Walifika wakiwa na masanduku machache na ndimi zilizozoea Kampala na Jinja. Walitaka matoke, walitaka maembe mabichi, walitaka muhogo, na kwa kuwa ni watu wa biashara, wakaviagiza. Hadi leo katika migahawa ya Wembley na Leicester kuna chakula kiitwacho mogo, muhogo uliokaangwa kwa pilipili. Jina hilo ni muhogo wetu uliopita katika kinywa cha Kigujarati. Vijana wa London wanaoula wakinywa soda hawajui kwamba wanatafuna Kiswahili.

Kuhusu kubeba vitu katika masanduku, hapa ndipo wasafiri wengi hupotea. Mashirika mengi ya ndege huruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kwa abiria anayekwenda Marekani, na kila familia imewahi kujaribu kuigeuza nafasi hiyo kuwa soko la Kariakoo. Samaki wakavu kwa matumizi ya nyumbani huruhusiwa kwa kawaida, kwa hiyo dagaa hupita, ingawa nguo zote zitanuka Ziwa Tanganyika. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa hupita pia. Nyama, iwe mbichi au iliyokaushwa, kutoka Afrika Mashariki hairuhusiwi, kwa hofu ya magonjwa ya mifugo. Maembe, mapera na mbegu hunyang'anywa. Asiyetaja alichobeba katika fomu hutozwa faini ya mamia ya dola hata kama ni embe moja.

Maofisa hao huonekana wakali kupita kiasi, nasi hupenda kuwalaumu. Lakini wakulima wa Tabora wanajua maana ya ukali huo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu kutoka Amerika ya Kati aliingia mkoani humo, na yaelekea alikuja ndani ya shehena ya mahindi. Aliyala mahindi ghalani yakabaki vumbi. Wakulima walimwita dumuzi, wengine wakamwita Skania, kama lile lori. Akaenea karibu Afrika Mashariki yote, na hajaondoka.

Yapo mengine ambayo sanduku lolote haliwezi kuyabeba. La kwanza ni saa.

Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na hesabu hiyo hufaa kwa kuwa karibu na ikweta mchana haupungui wala kuzidi saa 12 kwa kiasi kikubwa. Saa moja asubuhi jua limetoka, saa moja jioni limetua, mwaka mzima. Mjini Minneapolis, mwezi Desemba, jua huchomoza yapata saa mbili kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mchana wote haufiki saa tisa. Mwezi Juni huwa zaidi ya saa 15, na mtu huitwa kulala na huku nje kweupe.

Dada anasema lililomsumbua zaidi halikuwa giza lenyewe, bali kwamba lugha yake ilianza kusema uongo. Alikuwa akimwambia mwanawe, "Amka, saa moja, kumekucha," na mtoto akichungulia dirishani anaona nyota. Sasa nyumbani kwake wanataja saa kwa Kiingereza tu.

La pili ni duka la Mangi. Hapa mjini mtu akiishiwa sukari usiku, humtuma mtoto na shilingi mia chache, na mtoto hurudi na sukari ya kupima, kiberiti, na habari kwamba mama fulani amejifungua. Gengeni hununua fungu moja la nyanya na kuomba nyongeza. Kule, sukari hununuliwa kwa mfuko mzito, kwa gari, mara moja kwa wiki mbili, na mwenye duka hajui jina la mnunuzi. Jokofu la dada limejaa kuliko la mama maisha yake yote. Anachokosa ni kuishiwa, ili awe na sababu ya kugonga kwa jirani.

Na yapo ambayo hayana cha kufidia. Baba alipofariki mwaka 2014, karatasi za ukaazi za dada zilikuwa bado zinashughulikiwa, na wakili alimwonya kwamba akitoka hana hakika ya kuruhusiwa kuingia tena. Hakuja. Aliyafuata mazishi kwa simu ambayo binamu yetu aliishika juu ya vichwa vya watu, picha ikikatika kila mara. Kule ilikuwa alfajiri, saa tisa nyuma yetu. Shemeji alikuwa zamu ya usiku hospitalini anakofanya usafi. Baadaye dada alitueleza kwamba simu ilipokatika kabisa, aliinuka, akabandika maji, akasonga ugali, akaula peke yake jikoni kwa dagaa walioletwa na mtu wa Kigoma. Alisema asingeweza kukaa bila kufanya lolote, na hilo ndilo tendo pekee la msibani alilokuwa na vifaa vyake.

Mwanawe wa kwanza alizaliwa huko mwaka 2012. Mwaka 2019, karatasi zikiwa zimekamilika, dada alimleta Morogoro kwa likizo ya wiki tano. Alikuwa amemsimulia mengi: milima ya Uluguru, mananasi ya barabarani, bibi yake, kuku wanaotembea bila kufungwa. Mtoto alifika akiwa na furaha ya mtu anayekwenda sherehe.

Siku ya tatu asubuhi alianza kulia. Bibi alidhani ni malaria, akamshika paji la uso. Joto lilikuwa la kawaida. Alimtengenezea uji, hakuutaka. Akamchemshia maziwa, mtoto akaona utando juu ya kikombe akageuza uso. Dada alimchukua pembeni, wakazungumza Kiingereza kwa muda mrefu, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Anataka kurudi nyumbani," alisema.

Mama hakuelewa. "Si ndiyo hapa nyumbani?"

Kilichomliza, ilibainika, kilikuwa konfleksi, zile chembe nyembamba na kavu kama magamba ya samaki ambazo watoto wa Kimarekani hulowanisha katika maziwa baridi kila asubuhi. Alikuwa amevumilia siku mbili. Nilitumwa mjini, na katika duka moja karibu na stendi nikapata boksi lililofifia rangi, kwa bei ya kilo kadhaa za sembe. Mtoto alikula mabakuli mawili bila kuinua kichwa. Dada alikaa ng'ambo ya meza akimtazama, na nilimwona anayafahamu machozi yale kuliko sisi sote.

Mama aliokota chembe moja iliyodondoka mezani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza imetengenezwa kwa nini. Dada akamwambia ni mahindi.

"Mahindi ya njano?"

"Ya njano, mama."

Mama alicheka hadi akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Jamani," alisema, "mjukuu wangu analilia unga wa Yanga."

Boksi lilibaki na kiasi cha robo walipoondoka. Mama amelifunga kwa mpira wa kufungia na kuliweka kabatini, kando ya debe la sembe, na ukimwambia kwamba vitu vile huharibika hukujibu kuwa mtoto alisema atarudi.